Kazi ya Kuyeyusha Dawa Si ya Mgonjwa

Dozi kamili ya AL, dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni tembe 24: nne kwa mpigo, mara sita, kwa siku tatu. Kila tembe ina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Serikali iliichagua mwaka 2004 kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali, ikaanza kufika vituoni mwaka 2006, na tangu hapo hakuna sehemu ya Kenya inayoitegemea kama ukanda wetu wa Ziwa Victoria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipopima watoto, huku kwetu asilimia 19 walikuwa na vimelea vya malaria, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 6.

Tunaijua dawa hii kwa rangi yake ya manjano na kwa uchungu wake. Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba lumefantrini karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Imeze na maji matupu, tumbo likiwa tupu, na sehemu kubwa yake itapita utumboni na kutoka bila kugusa damu. Vipimo vilivyofanyiwa watu wenye afya vilionyesha kwamba mlo wenye mafuta mengi uliongeza lumefantrini iliyoingia kwenye damu mara 16, ukilinganisha na kumeza bila kula. Artemetha nayo iliongezeka mara mbili hadi tatu.

Mara 16 ni tofauti kubwa mno kuachwa izungumziwe na wafamasia peke yao. Watu wawili wa Nyalenda, hapa Kisumu, wanaweza kupewa pakiti ileile siku ileile, mmoja akapata dawa na mwingine akapata kivuli chake, na wote wawili wakaandikwa kituoni kuwa wametibiwa.

Hoja yangu ni hii. Kila dawa isiyoyeyuka vizuri ina kazi ambayo lazima mtu fulani aifanye ndipo isaidie. Kazi hiyo inaweza kufanywa kiwandani na wakemia na wahandisi, kabla tembe haijaingia kwenye pakiti. Isipofanywa huko inamwangukia mgonjwa: atafute mafuta, ale hata kama hamu ya kula haipo, awe na friji, ameze tembe nyingi zaidi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa magharibi mwa Kenya ndio wamekuwa wakiifanya kazi hiyo, mara nyingi bila hata kujua.

Ili dawa ya kumeza ifike kwenye damu, ni lazima kwanza iachane na punje yake na kusambaa ndani ya majimaji ya utumbo, molekuli moja moja. Punje nzima haipiti kwenye ukuta wa utumbo hata iwe ndogo kiasi gani machoni petu. Mwaka 1897, Arthur Noyes na Willis Whitney wa chuo cha MIT huko Marekani walichunguza asidi ya benzoiki na kloridi ya risasi zikiyeyuka, wakaweka msingi wa kanuni inayotumika hadi leo: kasi ya kuyeyuka hutegemea ukubwa wa uso wa kitu unaoguswa na maji, na umbali uliobaki kabla maji hayo hayajafika kikomo cha kubeba. Kila mtu aliyewahi kutumbukiza bonge la sukari nguru kwenye chai ameiona sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo. Bonge hukaa chini ya kikombe hadi chai inapoa. Ukilisaga, linatoweka ukikoroga mara moja.

Hesabu yake inashangaza. Chukua mchemraba wa dawa wenye upande wa sentimita moja. Uso wake ni sentimita mraba sita. Ukausaga hadi vipande vyenye upande wa mikromita moja, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, dawa ni ileile na uzito ni uleule, lakini uso wote kwa pamoja sasa ni mita mraba sita, eneo la chumba kidogo. Griseofulvini, dawa ya zamani ya choa, iliposagwa laini zaidi, dozi yake ilipunguzwa karibu nusu, kwa sababu tu sehemu kubwa zaidi iliyeyuka.

Sehemu ya pili ya kanuni ndiyo inayotesa. Kuna dawa ambazo hata ukizisaga namna gani, maji ya utumbo hujaa haraka na hayabebi zaidi. Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake waligawa dawa za kumeza katika madaraja manne kwa kuuliza maswali mawili: je, dozi kubwa kabisa ya dawa hii inayeyuka ndani ya mililita 250 za maji, yaani glasi moja? Na je, ikishayeyuka, inapita ukuta wa utumbo kwa urahisi? Dawa za daraja la pili hupita ukuta vizuri lakini hazimalizi kuyeyuka ndani ya hiyo glasi moja. Prazikwanteli ya kichocho ni mfano mmoja. Hizo zinaniumiza roho zaidi, kwa sababu mwili uko tayari kuzipokea na kinachokosekana ni hatua moja tu.

Mafuta ya chakula husaidia kwa njia iliyo wazi. Ukila mafuta, mfuko wa nyongo hujiminya na kumwaga nyongo utumboni. Nyongo huyavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea ndani ya maji, na dawa inayochukia maji hujipakia humo ndani, ikabebwa hadi kwenye ukuta wa utumbo. Bila mafuta, nyongo inayotoka ni kidogo na gari la kuibeba dawa halipo.

Mafuta yanayohitajika si mengi, na hii ni habari njema ambayo haijatangazwa vya kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa kwa watu wenye afya waliopewa viwango tofauti vya maziwa ya soya, ulikadiria kwamba mililita 36 za maziwa hayo, zenye gramu 1.2 za mafuta, zinatosha kufikisha asilimia 90 ya faida yote inayoweza kupatikana. Maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta yana takriban asilimia 3.5 ya mafuta. Gramu 1.2 basi ni kama vijiko saba vya chai vya maziwa. Kwa mtu mzima, njugu karanga chache zinatosha, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta. Kipande cha parachichi kinatosha. Sukuma wiki iliyokaangwa kwa kijiko cha mafuta inapita kiwango hicho. Lakini chai ya rangi haina kitu, na uji mwepesi wa maji matupu, ambao ndio mara nyingi hupewa mgonjwa, una mafuta kidogo sana.

Sasa tazama kinachotokea kwenye kemisti pale Kondele saa moja jioni, foleni ikiwa imefika nje.

"Daktari, hizi nitampa vipi?"

"Asubuhi na jioni, mama, siku tatu. Mpe akishakula."

"Hataki kula tangu jana. Anatapika."

"Jaribu hivyo hivyo. Mwingine?"

Simlaumu anayeuza, kwa kuwa anahudumia watu wengi na hana nafasi. Lakini katika maneno hayo machache yamepotea mambo mawili. Dozi ya pili hutakiwa saa nane baada ya ile ya kwanza, si kesho yake asubuhi. Na "akishakula" limeachwa hewani, wakati mama anayeambiwa hivyo ana mtoto asiyekula. Mama huyo angeambiwa "mpe vijiko saba vya maziwa, au mnyonyeshe kisha umpe dawa," angekwenda nyumbani na kitu anachoweza kukifanya. Sasa atakwenda na lawama: dawa ikishindwa, ni kwamba mtoto hakula.

Kuna jambo jingine dogo linaloonekana kwa macho. Tangu mwaka 2009 kuna AL ya watoto inayotawanyika kwenye maji, na ni hatua kubwa kwa sababu haisagwi tena kwa kijiko. Lakini kutawanyika si kuyeyuka. Weka tembe hiyo kwenye kijiko kikubwa chenye maji, ikoroge, halafu iache itulie: maji hubaki na ukungu wa manjano, na chini hujikusanya vumbi la manjano. Ndani ya vumbi hilo ndimo ilimo lumefantrini. Mtoto akinywa maji ya juu na kijiko kikasuuzwa kando, sehemu ya dozi imemwagwa uani. Inatakiwa kuongeza maji kidogo, kukoroga tena, na kumpa mabaki yote. Mhudumu wa afya wa jamii anaweza kumwonyesha mama hatua hiyo mlangoni kwa dakika mbili.

Athari za lumefantrini kuwa chache mwilini si nadharia. Artemetha huua vimelea wengi haraka kisha hutoweka ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia waliobaki. Watafiti waliounganisha takwimu za nchi nyingi walionyesha kwamba kiwango cha lumefantrini kwenye damu siku ya saba ndicho kinachotabiri nani atapona kabisa, na kwamba watoto wadogo wenye uzito pungufu walikuwa na viwango vya chini. Ni wale wale ambao nyumbani kwao maziwa ni haba. Tena vimelea wanaokutana na dawa pungufu ndio wanaopata nafasi ya kujifunza kuistahimili, na ustahimilivu wa kiasi dhidi ya dawa za jamii ya artemisinini, ambamo artemetha imo, tayari umethibitishwa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Busia.

Kwamba jambo hili linaweza kutatuliwa na kemia, hatuhitaji kwenda mbali kuliona. Ingia wodi ya watoto wakati muuguzi anapoandaa artesuneti ya sindano kwa malaria kali. Kichupa kina unga mweupe wa miligramu 60. Unga huo ni asidi isiyoyeyuka vizuri kwenye maji. Muuguzi anaongeza mililita moja ya bikaboneti ya sodiamu iliyokuja kwenye boksi lilelile, anatikisa, kinageuka ukungu, na baada ya kama dakika moja kinakuwa angavu. Asidi imegeuka chumvi, na chumvi inayeyuka. Kisha anaongeza salaini na dawa iko tayari kuingia kwenye mshipa. Isipotumika ndani ya saa moja inatupwa, kwa kuwa haidumu ikiwa majimaji, na isipokuwa angavu haitumiwi kabisa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika kwa watoto zaidi ya 5,400 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa vifo vilipungua kwa asilimia 22.5 kwa waliopewa artesuneti kuliko kwinini. Hapo hakuna mama aliyeombwa kutafuta maziwa. Mtu alikaa maabara akaifanya kazi hiyo mapema, akaiweka ndani ya boksi.

Kugeuza asidi kuwa chumvi ni njia mojawapo tu. Nyingine ni saiklodekstrini, molekuli yenye umbo la pete inayotengenezwa kutoka wanga, wanga uleule ulio kwenye mahindi ya Kitale na Bungoma. Nje ya pete hupenda maji, ndani yake huchukia maji, hivyo dawa hujificha katikati na kubebwa. Lakini njia iliyobadilisha mengi zaidi ni kuvunja mpangilio wa fuwele. Molekuli za dawa nyingi zisizoyeyuka zimeshikana kwa mpangilio imara kama matofali ya ukuta, na maji hayana nguvu ya kuwatenganisha walioshikana namna hiyo. Wahandisi huyeyusha dawa pamoja na polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, kwa joto, au huvinyunyizia vyote viwili kwenye hewa ya moto, kisha hupooza haraka kabla molekuli hazijajipanga. Zikiwa zimevurugika hivyo, maji huzichukua kwa urahisi zaidi. Polima inazizuia zisirudi kwenye mpangilio wake.

Historia ya ritonaviri inaonyesha kinachogharimu hatua hiyo ikikosekana. Dawa hii ya virusi vya UKIMWI iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 kiwandani kukazuka fuwele ya aina mpya, yenye molekuli zilezile zilizojipanga kwa namna nyingine, ambayo iliyeyuka vibaya zaidi. Vidonge vya wakati huo vikaondolewa sokoni. Badala yake vikaja vidonge laini vilivyopaswa kukaa kwenye friji, na lopinaviri, dawa nyingine ya virusi hivyo, iliyochanganywa na ritonaviri ikaja kwa namna hiyo hiyo. Sasa kumbuka hali ilivyokuwa huku. Homa Bay, mahali ambapo madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walianza kutoa ARV bure mwaka 2001, nyumba nyingi hazikuwa na stima, sembuse friji.

Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha tembe mpya ya lopinaviri na ritonaviri, iliyotengenezwa kwa kuyeyusha dawa pamoja na polima. Vidonge sita kwa siku vikawa tembe nne. Friji haikuhitajika tena, na wala si lazima kula kwanza. Molekuli za dawa hazikubadilishwa hata moja. Watoto wadogo hata hivyo walibaki na dawa ya maji iliyokuwa na pombe zaidi ya asilimia 40, chungu kupita kiasi, na iliyohitaji ubaridi, hadi punje za kunyunyizia chakula zilipopata kibali mwaka 2015. Miaka kumi hiyo kati ya suluhisho la mkubwa na suluhisho la mtoto ndiyo ninayoitaja kila ninapoambiwa kwamba teknolojia itatufikia tu, tuwe na subira.

Kwa kichocho tumefanya vizuri zaidi, ingawa kwa kuchelewa. Prazikwanteli ya kawaida ni tembe kubwa ya miligramu 600, chungu, na nusu ya prazikwanteli iliyomo haifanyi kazi dhidi ya minyoo bali huongeza uchungu. Watoto wa Mbita na Rusinga walio chini ya umri wa shule waliachwa nje kwa miaka kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuwapa. Toleo jipya la watoto, araprazikwanteli, lina nusu inayofanya kazi peke yake, kwenye tembe ya miligramu 150 inayotawanyika kwenye maji. Majaribio yake ya mwisho yalifanyika Kenya na Ivory Coast, na Shirika la Afya Duniani likaipitisha mwezi Mei 2024. Damu za watoto wa ufuo wetu zimo kwenye ushahidi huo, na wana haki ya kuwa wa kwanza kufaidika.

Si kila mahali kuyeyuka haraka ndiko kunakotakiwa. Albendazoli inayotolewa shuleni kwa minyoo ya tumbo inafaa zaidi ikibaki utumboni, walipo minyoo. Sindano ya lenakapaviri ya kuzuia maambukizi ya HIV, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2025, hutolewa mara mbili tu kwa mwaka kwa sababu dawa hukaa chini ya ngozi ikiyeyuka polepole kwa miezi. Mhandisi ametumia udhaifu wa dawa kumpunguzia mtu safari za kliniki. Huko ndiko kuibeba kazi badala ya mgonjwa.

Najua jibu linalokuja: mashine hizi ni ghali, na vijiko saba vya maziwa ni bei rahisi kuliko kiwanda. Ni kweli kwa leo, na ndiyo maana nataka vijiko hivyo vitajwe kila pakiti inapotolewa. Lakini anayesema hivyo anahesabu gharama ya kiwanda peke yake. Haweki kwenye hesabu mgonjwa anayerudi baada ya wiki tatu na malaria ileile, wala tembe zinazomezwa na kutoka bila kutumika. Mwezi Novemba 2025 kampuni ya dawa ya Novartis na MMV, shirika la kutafuta dawa za malaria, walitangaza matokeo ya dawa mpya inayounganisha ganaplasidi na lumefantrini. Lumefantrini yake imeundwa upya ili iyeyuke vizuri, na inanywewa mara moja kwa siku kwa siku tatu. Katika majaribio yaliyofanyika nchi 12 za Afrika, waliopona walikuwa asilimia 97.4, dhidi ya asilimia 94.0 waliotumia AL ya kawaida. Kazi iliyoachiwa sahani ya mgonjwa kwa zaidi ya miaka 20 imewezekana kufanywa kiwandani.

Kuna kitu tunachoweza kukidai sasa hivi bila kusubiri dawa mpya. Dawa mbili zenye kiasi kilekile cha dawa ndani si lazima ziyeyuke sawasawa. Mwaka 1968 huko Australia, kiungo cha kujazia kwenye vidonge vya fenitoini ya kifafa kilibadilishwa kutoka salfeti ya kalsiamu hadi laktosi. Dozi iliyoandikwa haikubadilika, lakini wagonjwa wa Brisbane walianza kuyumba na kuonyesha dalili za sumu, kwa sababu dawa iliyoingia kwenye damu iliongezeka. Mwaka 1971 John Lindenbaum na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba tembe za digoksini ya moyo za watengenezaji tofauti zilifikisha viwango vya damu vilivyotofautiana hadi mara saba. Kipimo cha kuyeyuka kikawa sehemu ya ukaguzi wa dawa duniani: tembe huwekwa kwenye chombo cha majimaji yenye joto la mwili, hukorogwa kwa kasi maalum, na sampuli huchukuliwa kwa dakika zilizopangwa kuona kiasi gani kimeyeyuka.

Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, na ina Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa. Vipimo vya namna hii viko ndani ya uwezo wao. Ninachodai kwa niaba ya kaunti za ziwa ni kwamba AL, prazikwanteli na fenitoini zinazonunuliwa kwa fedha za umma zipimwe zikiwa tayari zimefika Kisumu, Kakamega au Siaya, baada ya kukaa kwenye lori na kwenye stoo yenye joto na unyevu wa hapa, maana unyevu huweza kuirudisha dawa iliyovurugwa kwenye mpangilio wake wa fuwele. Zipimwe kwa kuyeyuka, si kwa kiasi cha dawa tu. Na matokeo ya kila bechi yawekwe wazi kwa jina la mtengenezaji na namba ya bechi, ili mfamasia wa Ahero ayasome kabla ya kufungua katoni.